Ndoo ya Dakika Moja: Kumlea Paka Kipofu Ndani ya Nyumba ya Dar es Salaam

Paka kipofu hagongi ukuta. Akishakaa ndani ya nyumba wiki mbili tatu, anajua ukuta ulipo, anajua mguu wa meza, anajua pembe ya kabati na umbali wa kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli lake. Anachogonga ni kile kilichowekwa leo asubuhi: ndoo iliyotuliwa koridoni kwa dakika moja, feni iliyosogezwa kumfuata mgeni, begi la shule lililobwagwa mlangoni. Sisi tunaolea paka wasioona tumezoea kumwambia anayetaka kumchukua mmoja kwamba paka atajifunza haraka, watu wa nyumba ndio watakaochelewa. Kabla hujamleta, kaa na wote, watoto na dada wa kazi wakiwemo, mkubaliane kila kitu kina mahali pake na kikitumika kinarudi hapo hapo.

Paka kipofu wa kuokotwa hapa mjini mara nyingi ni mtoto wa paka aliyenusurika na mafua. Virusi vya hepesi vya paka, wakati mwingine vikiongezewa nguvu na bakteria wa klamidia, huanza na chafya na makamasi. Siku chache baadaye macho yanatoa usaha, usaha unakauka, kope zinagandana. Ukimkuta chini ya meza ya muuza samaki utadhani amelala. Nyuma ya kope zile usaha umefungiwa, unakula konea, kile kioo cha mbele cha jicho, mpaka kinatoboka. Siku hizo za mwanzo ndizo za kuokoa jicho. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, acha yapoe kabisa. Lowesha pamba, ilaze juu ya kope kama dakika mbili mpaka gamba lilainike, kisha futa taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje. Pamba iliyogusa jicho la kulia isiguse la kushoto. Gamba kavu usilibandue kwa kucha, linatoka na ngozi. Na dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini usimtie: baadhi zina deksamethasoni, ambayo hupunguza wekundu ukafurahi, huku kidonda cha konea kikizidi kuchimbika. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Paka mzee hupofuka kwa njia nyingine. Figo zikichoka au tezi ya shingo ikizidisha kazi, shinikizo la damu hupanda na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hubanduka, pengine kwa usiku mmoja. Asubuhi unamkuta mboni zimetanuka, nyeusi pande zote, hata juani hazijifungi, naye anatembea akigusagusa kuta. Hiyo ni dharura ya saa, usiisubiri Jumatatu. Presha ikishushwa mapema, wengine hurudishiwa uoni kidogo.

Upo pia upofu wa kujitakia, na unauma kuliko wote kwa sababu ulizuilika. Enrofloksasini, dawa inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya kuku, ikizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku inaweza kuua retina ya paka, na retina ikifa haifufuki. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita moja. Paka wa kilo 3 mwisho wake ni miligramu 15, yaani mililita 0.15, tone chache tu. Anayepima kwa kifuniko cha chupa amemzidishia mara nyingi mno. Ukienda kwa daktari na paka ambaye bado anaona jicho moja, mtajie dawa zote alizowahi kunyweshwa.

Kujua anaona kiasi gani, usimpungie mkono usoni. Mkono unasukuma upepo, masharubu yanausikia, anapepesa, nawe unadhani ameona. Angusha kipande cha pamba mbele yake, kwa kuwa pamba haina mlio wala upepo wa maana. Anayeona atakifuata kwa kichwa. Rudia mara tano, upande wa kulia na wa kushoto, mchana na jioni taa zikiwa hafifu. Wapo wanaoona kivuli na mwanga tu, na hao ukiwaachia taa ndogo koridoni usiku unawasaidia.

Kuhusu kutoa jicho, watu wengi huogopa. Jicho lililovimba, lililotoboka au lenye presha kubwa ya ndani mara nyingi halioni tena, lakini linauma, na paka huficha maumivu: analala sana, anakunja uso, hataki kushikwa kichwa. Daktari akishauri litolewe, kubali. Kidonda hupona kwa siku 10 hadi 14 akiwa amevaa kola pana ya kumzuia asijikune, na wengi huanza kucheza tena wiki ya kwanza, ndipo mwenye paka anapogundua mnyama wake alikuwa anateseka kiasi gani.

Haya, nyumba. Piga magoti, kisha lala kifudifudi, macho yako yawe kama sentimita 20 kutoka sakafuni. Tembea hivyo chumba kwa chumba. Kila kona kali inayokutazama usoni kwa kimo hicho, kuanzia sentimita 15 hadi 25, ndiyo itakayompata yeye. Kata sponji ya godoro kuukuu unene wa sentimita 2, ibandike kwa gundi ya viatu kwenye pembe za meza ndogo, fremu ya kitanda na stendi ya televisheni. Viti virudishwe chini ya meza kila baada ya kula. Milango ndiyo husahaulika: mlango uliofungwa paka anaujua, uliofunguliwa hadi ukutani anaujua, lakini mlango ulioachwa nusu unamkabili kwa ncha ya ubao wenye upana wa sentimita 4, masharubu yanapita pande zake zote mbili na pua ndiyo inayogonga. Wekea kila mlango kizuizi, uwe wazi wote au ufungwe wote.

Kisha maji. Dar ni mji wa ndoo. Maji yakikatika kila nyumba ina akiba, na akiba hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko barabara kwa paka wa ndani asiyeona. Paka huruka juu ya kitu akikisia ukingo. Ukingo wa ndoo ya lita 20 anausikia kwa miguu ya mbele, anapanda akidhani ni stuli, anatumbukia kichwa chini. Mtoto wa paka wa gramu 800 hawezi kujigeuza mle, na kuta za plastiki hazishikiki kwa kucha. Ndoo yenye maji iwe na mfuniko unaobana, na hili halina mjadala. Mfuniko uliolazwa tu juu ni mbaya kuliko kukosa mfuniko, maana unapinduka naye. Ndoo tupu zilazwe kifudifudi. Pipa la lita 200 lifunikwe ubao na tofali juu yake. Tangi la chini ya ardhi liwe na mfuniko wa chuma na kufuli. Choo cha kuchuchumaa mlango wake ubaki umefungwa muda wote. Kama mnakaa nyumba ya uani, zungukia mifuniko ya chemba kabla ya masika, Machi, na tena kabla ya vuli, kwa sababu zege lililopasuka huonekana zima mpaka mvua inyeshe.

Moto nao una sura nyingi. Jiko la mkaa likiwa chini, paka anayeona hulizunguka. Asiyeona anafuata harufu ya samaki moja kwa moja mpaka joto linamkaanga masharubu. Lipandishe juu ya jukwaa la matofali au pika mlango wa jiko ukiwa umefungwa, na ufungue pale tu majivu yatakapokuwa yamepoa hadi katikati, si juu peke yake. Jiko la gesi likizimwa, weka sufuria ya maji baridi juu ya plate mpaka chuma kipoe. Pasi isimamishwe juu. Na chetezo: nyumba nyingi za pwani hufukiza udi Alhamisi jioni au ukija ugeni, na chetezo hukaa sakafuni katikati ya chumba, mahali ambapo siku nyingine zote hapana kitu. Kiweke juu ya kabati, au mfungie paka chumba kingine mpaka makaa yafe. Moshi wenyewe pia unamfunika pua kwa saa kadhaa, na pua ni nusu ya macho yake.

Umeme ukikatika, zima feni kwenye swichi. Paka hupenda kulala ameegemea kizimba cha feni ya chini kwa ubaridi wa chuma, mkia umepenya ndani, na umeme ukirudi saa nane usiku hakuna wa kumwonya.

Madirisha ya Dar yana grili, na watu huona grili inatosha. Nafasi ya sentimita 10 kati ya chuma na chuma paka mzima anapita bila kukunja bega. Wavu wa mbu wa plastiki haumzuii, akipanda mara mbili kucha zinauchana. Kinachofaa ni waya wa kuchomelewa wa matundu ya inchi moja, au nusu inchi kwa mtoto wa paka, ufungwe kwa binding waya kwenye grili kila baada ya sentimita 15, ncha zikunjwe kuelekea nje. Wavu wa mbu ubaki ndani yake. Kwenye ghorofa, baraza lifungwe mpaka juu kabisa kwenye dari. Kufunga mita moja na nusu hakusaidii: paka kipofu anapanda wavu vizuri tu, anafika juu, anasikia ukingo umeisha, na haelewi kwamba upande wa pili kuna orofa nne.

Ngazi zinafundishika, lakini si wiki ya kwanza. Weka kizuizi cha plaiwudi cha sentimita 90 juu na chini. Baadaye tandika kipande cha zulia la makumbi, lile gumu la kufutia miguu, juu ya ngazi na chini yake, na popote pengine penye mshuko. Makumbi yasitumike mahali pengine ndani ya nyumba. Paka akikanyaga ugumu ule anajua kuna ukingo. Mfundishe kupanda kwanza, kidato kimoja kimoja, ukigongagonga kidato kinachofuata kwa kidole. Kushuka ni kugumu zaidi: shika mguu wake wa mbele kwa upole, uushushe hadi uguse kidato cha chini, kisha mwache aulete mwili. Vipindi vya dakika tano, mara mbili kwa siku, huwa vinatosha, na wengi wanashuka wenyewe baada ya wiki moja hadi mbili.

Inafaa kumtazama akitembea mahali pageni, kwa sababu ndipo unapojua anahitaji nini. Kichwa kinashuka chini, masharubu yote yanasukumwa mbele kama feni iliyokunjuliwa. Mguu mmoja wa mbele unanyanyuliwa, unabaki hewani, unapapasa, unarudi. Nyuma ya kifundo cha mguu huo kuna nywele nyingine ngumu, fupi, zinazosikia kama masharubu. Kwenye vigae vinavyoteleza anapoteza ujasiri, anatambaa tumbo likigusa chini. Ndiyo maana tunatandika mikeka ya ukili, vipande vya upana wa sentimita 40 hadi 50, kutoka anapolala hadi kwenye chakula, na kutoka chakula hadi kwenye mchanga. Geuza upande wa chini ubandike kwa utepe usiteleze. Siku tatu nne tu, na utamwona anakimbia juu ya mkeka ule huku mkia umesimama. Masharubu yasikatwe kamwe, hata yakiwa yamepinda.

Mpokee kwenye chumba kimoja, mita 3 kwa 3 kinatosha, na akae humo wiki moja hadi mbili. Mlete kwenye tenga lenye mfuniko, uliweke karibu na beseni la mchanga, ufungue, ukae chini pembeni bila kumtoa. Akitoka mwenyewe ameanza kuchora ramani. Chagua sehemu moja iwe kitovu chake, na beseni la mchanga linafaa kuliko yote kwa kuwa lina harufu. Kila ukimbeba, kwa sababu yoyote, mshushe hapo. Kosa la kawaida la watu wenye huruma ni kumbeba huku na huku na kumshusha popote; paka aliyeshushwa katikati ya sebule ni kama mtu aliyeshushwa na daladala usiku kituo asichokijua. Akishakizoea chumba, mfungulie kingine kimoja, siku nne tano, kisha kingine.

Beseni la plastiki lenye urefu wa sentimita 50 au 60 na kina cha 15 linatosha. La mtoto wa paka kata upande mmoja uwe na kimo cha sentimita 6. Mchanga wa kujengea, ule wa mtoni, upepetwe vumbi lote litoke, uanikwe juani siku mbili, umwagwe kina cha sentimita 5 hadi 7. Pumba za mbao laini kama unga hazifai, zinaingia kwenye macho na matundu ya macho yaliyoshonwa. Zoa kinyesi mara mbili kwa siku. Vimelea vya toksoplasma huanza kuambukiza kati ya siku moja na tano tangu kinyesi kitoke, kwa hiyo anayezoa kila siku amejikinga sehemu kubwa, na mjamzito asiifanye kazi hii. Ukibadilisha mchanga wote, bakiza kiganja kimoja cha ule wa zamani umwage juu, pua yake ipate pa kushika.

Chakula kikae mita 2 au zaidi kutoka kwenye mchanga. Bakuli liwe la udongo au kauri, zito, lisitembee akilisukuma. Paka wa kilo 4 anahitaji kiasi cha gramu 150 hadi 200 za nyama au samaki waliopikwa kwa siku, kwa milo miwili. Ugali na mchuzi haumtoshi: paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki, ya kutosha, na akiikosa kwa miezi retina na moyo vinaharibika. Kama bado ana uoni kidogo, huo ndio utakaokwenda. Taurini ipo kwenye moyo wa kuku, mapaja na dagaa, na inayeyukia kwenye maji ya kuchemshia, hivyo mpe na supu yake. Dagaa waloweke, wasuguliwe, wabadilishiwe maji mara tatu mpaka mchanga usibaki chini ya bakuli. Mifupa yao iliyosagwa inampa chokaa. Maini mara moja kwa wiki yanatosha. Samaki mbichi usimpe. Na sisimizi: paka anayeona huwaona kwenye chakula na kungoja utoe, kipofu anazamisha mdomo, wanamuuma ulimi na pua, na kesho yake anakataa kukaribia bakuli hilo. Mpe chakula, subiri nusu saa, ondoa kilichobaki, futa sakafu.

Ufute kwa maji ya sabuni ya kawaida. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji zina fenoli au jamaa zake, na ini la paka halizimudu. Anazikanyaga, anajilamba miguu. Tena zinafuta harufu zote alizoziandika mwenyewe sakafuni. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini na Panadol ziwekwe mbali naye kabisa, zote mbili humuua.

Paka kipofu anapigiwa hodi. Usimguse kabla hujasema. Taja jina lake, gonga sakafu mara mbili, mpe kidole anuse, ndipo umshike, kuanzia begani na si mgongoni. Tumia neno moja kwa jambo moja: "juu" ukimbeba, "chini" kabla miguu haijagusa, "ngoja" akielekea kugonga. Neno libaki hilo hilo kwa kila mtu wa nyumba. Watoto wakatazwe kumnyatia. Akimkwaruza mtoto aliyemshtua, hakufanya kosa. Kama kuna paka mwingine au mbwa, mvalishe huyo mwingine kengele. Kipofu asivalishwe, inamzibia masikio. Mpira wenye njuga ndani, au chupa ndogo ya maji yenye punje kumi za mchele, ndio mchezo wake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa aipate akifikisha miezi mitatu, irudiwe baada ya mwaka. Kila 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako kama kuna chanjo. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Ahasiwe akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, kwa sababu dume anayesikia jike nje atatafuta upenyo wowote.

Akihitaji jua, mjengee kizimba uani: mita 2 kwa 1.5, kimo 1.8, mbao za mbili kwa mbili, waya wa inchi moja pande zote na juu pia. Juu ni kwa ajili ya kunguru. Kunguru hawa walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yote huvamia kwa kundi, mmoja anamdonoa mkia ageuke na mwingine anamshukia kichwani. Paka asiyeona hana pa kuwakwepa. Nusu ya paa iwe bati, maana Januari saa sita mchana kizimba kisicho na kivuli kinamchemsha.

Akitoka kwa bahati mbaya, usikimbie mtaa mzima ukiita. Paka kipofu kwa kawaida haendi mbali, anajibana penye kona ya kwanza aliyoigusa: chini ya gari, ndani ya mtaro mkavu, nyuma ya simtanki. Tafuta nyumba tatu nne za jirani kwa tochi, chini chini. Mwambie mjumbe na vijana wa bodaboda kijiweni. Kisha subiri mtaa utulie, kati ya saa sita na saa kumi usiku, ukae kizingitini ugonge bakuli lake kwa kijiko, mara tatu, unyamaze dakika mbili, ugonge tena. Gonga mahali hapo hapo bila kuhama, ili sauti iwe na anwani. Kola yake iandikwe KIPOFU kwa herufi kubwa na namba ya simu chini yake, na iwe ya kufunguka ikivutwa kwa nguvu.

Mkihama nyumba, usifue mkeka wake wala kubadilisha mchanga wiki hiyo. Siku ya kuhama mfungie kwenye chumba kilichokwisha kutolewa vitu, na maji na tenga lake, mpaka mizigo yote itoke. Kule mnakokwenda, kabla ya kitanda na kabla ya masufuria, chagua chumba kimoja, weka beseni, tandika mkeka, funga mlango, na ubandike karatasi nje kwa wabeba mizigo: USIFUNGUE.